Miguu Imemzunguka Kiunoni

Treni ilikuwa ikimbembeleza mshona mapazia, mkoba wake ameubana katikati ya miguu, aliposikia sauti kutoka kiti cha mbele. "Ukilala chali, miguu umemfunga kiunoni, hapo wewe ndiye mwenye nyumba."

Akafumbua jicho moja. Msemaji alikuwa muuguzi, bado na sare ya kazi. Alikuwa akimwambia fundi baiskeli ambaye hakumjua kabla ya safari ile. Walitambuana kwa masikio tu, yaliyovimba kwa kusuguliwa na mikeka ya jujitsu, mieleka ya kubanana chini. Wengine huulizana kabila.

"Nilimbana hivyohivyo jamaa kwenye fainali, dada, mpaka kengele ikalia. Hakunifanya kitu."

"Na wewe ulimfanya nini?"

"Nilimbana." Fundi akashusha pumzi. "Waamuzi wakampa yeye ushindi. Jumamosi narudiana naye."

"Basi mvute kola, kichwa kishuke. Mshike mkono, kisha fungua miguu, zungusha kiuno, mguu mmoja umpite usoni. Mkono huo ni wako, unyooshe mpaka asalimu amri."

"Nikifungua, si atatoka?"

"Anaweza kutoka, ndiyo."

"Basi sifungui ng'o!"

Muuguzi akacheka polepole, kama mtu anayecheka ndotoni, akatazama miti ikipita dirishani. Mshonaji alimwona fundi kuwa mjinga kidogo, akasinzia tena.

Treni iliposimama alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Ilikuwa imekufa ganzi kwa kuubana mkoba ambao hakuna mtu aliyeutaka.