Siku Kumi na Moja Nilizokuwa Marehemu

Sikilizeni wanangu, na sogeeni karibu, maana sauti hii haina tena nguvu ya kuwafuata mlipo. Nchagwa, Marwa, Lilian, na wewe Mokami mke wangu: haya ninayasema nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu, na mchungaji aliyeketi pale mlangoni ni shahidi.

Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na sita, nikajizoeza kutoamini neno lisilo na ushahidi. Basi nami sitawaambia nisichokijua. Miaka mitatu iliyopita, malaria iliponipanda kichwani na figo zikasimama, nililala hospitalini Mwanza siku kumi na moja bila fahamu. Wapo wanaoniuliza niliona nini huko. Sikuona mwanga, sikumwona baba yangu, sikusikia wimbo. Sisemi havipo, nasema mimi sikuviona, na shahidi huapa kwa macho yake mwenyewe. Niliyoyaona, niliyaona niliporudi hapa Nyarero.

Mpwa wangu Nyangwine alifika wodini akakuta kitanda changu kitupu, kwa kuwa nilikuwa nimehamishiwa chumba cha mahututi. Hakumuuliza muuguzi, akawapigia simu kwamba nimekufa. Kosa lake ni la mtu mwenye haraka, nami nimelisamehe. Ninyi mlichimba kaburi siku ileile, mkagawana ng'ombe kabla maiti haijafika, na mama yenu mkamhamishia kwenye kibanda cha jikoni, nyumba kubwa mkaitia kufuli, Marwa ukimwambia, "Mama, hapa ni kwa mzee, na mzee hayupo." Lilian peke yake ndiye aliyedai cheti cha kifo, nanyi mkamcheka: "Wewe ni wa kuolewa, cheti utakipeleka wapi?"

Nilipozinduka na kuruhusiwa kurudi, nikashuka garini nimeshikwa mabega, nikalikuta shimo. Wazee wakasema kaburi lililofunguliwa halikai na njaa, litaita mwingine; mkakata mgomba, mkauvika shati langu, mkauzika nikiwa nimesimama hapo. Jirani yetu Robi akaniambia, "Hakimu, hata huko umekata rufaa?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye godoro la mama yenu, lililoegemezwa ukuta wa jikoni, limelowa mvua.

Husemwa kwamba aliyeponea chupuchupu hurudi mpole. Mimi sikurudi mpole. Kabla ya hapo kifo kwangu kilikuwa jambo la majalada: fulani amefariki, warithi ni hawa, shauri limefungwa. Agness, mjane mmoja wa kijiji cha Nyangoto, alisimama mbele yangu na mtoto mgongoni, mashemeji wamemfungia nyumba, nikamsomea kanuni ya mila neno kwa neno, kwamba mjane hana fungu, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Akaniuliza, "Mheshimiwa, huyu wa mgongoni ndiye atakayenitunza?" Niliandika hukumu kwa mwandiko mzuri. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu. Nilipopona nilimtafuta, nikaambiwa amekwishazikwa, na kosa lile halina tena mtu wa kuombwa msamaha. Kwa hiyo msidhani nawahukumu kama mtu safi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nanyi mlitenda kile nilichokuwa nikikisoma kwa sauti.

Hofu ya kufa imenitoka. Iliyobaki ni hofu ya saa ile ya kwanza baada ya kufa, ambapo marehemu hana mdomo na mjane hana mlango.

Basi shikeni hili. Wosia wangu nimeuandika kwa kalamu ya wino, mashahidi wake wote wanajua kusoma, na nakala anayo mchungaji. Nyumba hii na shamba linaloizunguka ni vya Mokami hadi mwisho wa uhai wake, kisha ni vya Lilian, aolewe asiolewe. Shamba langu la kule Nyangoto ni lenu, Nchagwa na Marwa, nusu kwa nusu. Sikuwanyima, kwa sababu hasira si ushahidi. Ng'ombe mlishajigawia nikiwa hai, kaeni nao. Asiyeridhika aende mahakamani mchana kweupe, asije kwa mama yake na panga. Na asichimbe mtu hata shimo la kwato mpaka mama yenu aseme kwa kinywa chake kwamba nimekufa.

Nchagwa. Kufuli mliyomfungia mama yako nyumba hii ina ufunguo wa pili. Unasema unautafuta... miaka mitatu unautafuta. Sikukudai, nilitaka kuona kama utaurudisha bila kudaiwa. Mpe. Si kesho, si baada ya matanga. Mpe nikiwa naona... Usinitazame mimi, mura, kijana wangu, mtazame yeye... Mkononi, si mezani.

Haya. Nimeona.

Mungu awape... awape ninyi nyote watoto watakaosubiri. Sasa tokeni nje... mama yenu akiwaruhusu, mtaingia tena.