Mama Sisaini Anastaafu, Nasi Hatujapoa

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika shirika letu la umeme, mhandisi wetu mkuu wa mitambo anastaafu tarehe thelathini Juni. Menejimenti imetuomba wasifu mwepesi, wa kuchekesha. Tutajaribu.

Vichekesho vipo. Alianza akiwa mwanamke pekee karakanani, ndani ya ovaroli ya mwanamume mnene, ameifunga kiunoni kwa waya. Mtambo ukigoma aliubembeleza kwa maneno ambayo mumewe anaapa hajawahi kuambiwa yeye.

Jina la Mama Sisaini alilipata pale mwekezaji wa kigeni alipotuletea mitambo ya kufua umeme kwa gesi. Mkataba ulisema ni mipya. Yeye alikwangua rangi kwa ufunguo, akakuta kutu. Alipoletewa hati ya makabidhiano alisema, "Sisaini," akaenda zake kunywa chai. Mkurugenzi akasaini mwenyewe, na mama akahamishiwa stoo kugawa glavu.

Mitambo ikafa mapema. Shirika likakataa kulipa, mwekezaji akatuburuta kwenye usuluhishi wa kimataifa ng'ambo, kama mkataba ulivyomruhusu. Ghafla wakubwa wakamkumbuka mtu wa stoo, wakamrudishia uhandisi wake! Alimwacha mama yake mzazi hospitalini, akaenda kutoa ushahidi. Wakili wa mwekezaji alimwita mfanyakazi mwenye kinyongo. Alimjibu hoja kwa hoja, hadi mkuu wa jopo la wasuluhishi akaweka kalamu chini amsikilize.

Kesho yake, yeye ameshavaa tayari kurudi mbele ya jopo, wakili wetu akamfuata hotelini: kesi imekwisha. Wakubwa walikuwa wakipatana na mwekezaji chinichini wakati yeye anatukanwa kwa niaba yao. Mkataba ukaongezewa muda. Aliyesaini akapandishwa cheo. Mama akarudi nyumbani, akakuta mzazi wake ameshazikwa.

Aliingia kikao cha bodi bila kualikwa.

"Mama, hayo yameshapita," mwenyekiti alimwambia.

"Yamepita kwenu. Mitaani bado giza."

Akausoma ushahidi wake wote, wao wakiikodolea meza macho. Mwekezaji yuleyule alipoomba mradi wa pili, bodi ilimkatalia. Ni hilo tu tulilopata, na yeye ndiye aliyetupatia.

Mama, asante kwa kutulea, kutugombeza na kututetea. Tunakutakia afya njema na usingizi mtamu pamoja na shemeji yetu. Siku ya hafla waliokutendea haya watapanga foleni kukupa mkono. Ukiamua kuuacha uning'inie hewani, sote tutakuwa tumesimama nyuma yako.