Nani Kayachuma Majani ya Kamugisha?

Benchi la Alief, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, liko nje ya duka la vyakula vya Kiafrika, na wenyewe hufika Jumamosi asubuhi wakitoka shifti, kila mtu na gari lake, kunywa kahawa ya chupa ya Isack. Isack wanamwita Redio kwa kuwa hakuna habari inayompita. Ngugi, Mkenya, wanamwita Injinia kwa kuwa hakuna kitu asichojitia kukijua. Jumamosi moja Kamugisha, mzee mwenzao wa benchi, aliwakuta wanacheka, yeye hakucheka. Ndoo aliyopandia dawa yake, aliyoiweka kando ya benchi kwa sababu kwake jua haliingii, ilikuwa imebaki vijiti vitupu.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Majani yale manene, yenye vinyweleo, yanayoacha harufu mkononi ukiyagusa tu, alipewa mbegu yake na jirani, nesi Mhindi wa Kerala. Kwao huyakamua, wakachanganya na asali, mtu akanywa kwa kikohozi. Na mke wake Joyceline alikuwa anakohoa.

— Nani kachuma majani yangu?

— Kaa kwanza, mzee, alisema Redio. Hao ni watu wa apartment, wame-spray. Juzi nimeona truck nyeupe hapa.

— Spray inachuma jani moja moja?

— Basi ni makampuni ya dawa. Wana drone siku hizi. Wakiona mmea unaponya watu bure, hawalali.

— Redio, nitakupiga na hiyo chupa!

— Nipige, lakini uki-Google utaona. Na yule bibi wa Kivietinamu je? Nimemwona kwa macho yangu akiyanusa. Wao wanayatia kwenye supu. Labda bibi ndiye anawa-tip wenye drone majani yalipo.

— Funga mdomo wako!

Injinia alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Na wewe, mbona kimya leo? Kamugisha alimgeukia.

— Buda, si hizo ni maigoya tu? Kwetu Murang'a tunaivishia nazo ndizi. Nili-buy box ya ndizi, nikazifunika nazo kwa boot ya gari. Nilidhani ni maua ya duka.

— Dawa ya mke wangu umeifanya blanketi ya ndizi?

— Pole, mzee. Walai sikujua.

— Ndizi zenyewe zipi?

— Zile kubwa za green.

— Za kupika! Kamugisha alipiga benchi, kahawa ikamwagika. Mimi Mhaya nimekaa na mtu anayeivisha ndizi za kupika!

Mlango wa duka ukafunguka. Akatoka mwanamke na mfuko wa unga, bado amevaa nguo za kazi za hospitali. Hakuna aliyekuwa amemwona pale kabla.

— Samahani wazee. Naitwa Lydiah. Nimewasikia mpaka ndani. Huyo mama anakohoa tangu lini?

— Tangu ile baridi, alisema Redio.

— Zii, ni kabla ya baridi, alisema Injinia.

Wakamtazama Kamugisha. Kila asubuhi alikuwa anamkorogea mkewe asali kwa mkono wake, lakini siku kikohozi kilipoanza hakuikumbuka.

— Na kifua amepimwa?

Kamugisha alitikisa kichwa. Hasira yote ilimtoka Kamugisha, akabaki na woga mtupu. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta funguo za gari, zikamponyoka zikaanguka chini.

Lydiah aliinama akaziokota.

— Twende kwa mama, alisema. Mimi nita-drive.