Suri Iliyo Mfukoni mwa Tajudini

Bujumbura, Jumamosi, tarehe 15 Januari 2005. Asubuhi mvua ndogo, kisha jua kali. Hotuba niliyosoma Buyenzi:

Mheshimiwa Zénon, mkuu wetu wa zone, Shehe wetu, Mchungaji Namegabe, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, na wewe Tajudini, ambaye nimekuweka mwisho ili watu wote wakuangalie vizuri:

Tumewaita mshuhudie mwanzo wa darasa letu la uraia na serikali, tunalosoma kwa intaneti. Mwalimu yuko ng'ambo, sisi tuko hapa, na kati yetu kuna kompyuta moja. Kompyuta hiyo ina suri moja, kile kidude cha kusogeza mshale kwa mkono, wengine hukiita kipanya. Bila hicho hakuna ukurasa unaofunguka.

Tuseme nini juu ya Tajudini? Ni fundi wa magari, ndiye aliyetuandikisha sote, na tangu siku ya kwanza ameilinda suri kuliko mlinzi wa benki. Akienda kusali, inakwenda naye. Akirudi nyumbani, inalala kwake. Adija, muuza vitenge, alipoomba aiguse tu, alijibiwa: "Apana, mama, utaiharibisha. Hii imezoea mukono yangu." Adija naye: "We Tajudini, hata bibi yako haumushikaki hivyo!"

Somo la kwanza liliuliza: uongozi ubadilishwe vipi bila ugomvi? Ndugu zangu, katika nchi hii, nani hajui swali hilo limetugharimu watu wangapi? Tajudini alijibu kwa niaba yetu, maana ndiye mwenye suri, na mwalimu akamsifu. Nisome alivyoandika: "Kiongozi mwema hutoa kiti kabla ya kuombwa mara ya pili."

Mheshimiwa, tulimwomba mara ya kwanza Jumatano. Kwa hiyo leo simwombi.

Haraka ya nini? Somo la pili kila mmoja anajibu mwenyewe, na Jumatatu jioni asiyejibu anafutwa. Tajudini amekwisha kujibu. Sisi kumi na mmoja bado. Je, abaki darasani peke yake, agombee, ajipigie kura, ajipongeze?

La, namjua, ana moyo mzuri. Ndiyo maana ninafurahi kuwatangazia kwamba leo, mbele yenu, anamkabidhi Adija suri kwa hiari yake, hiari ambayo yeye mwenyewe ameisikia sasa hivi. Tajudini, usiangalie mlango. Mchungaji hakukaa pale bure. Iko mfuko wa kushoto. Wageni wetu, pigeni makofi, na msiache mpaka mkono utoke.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa viganja vyenu.

Nyongeza ya jioni: Ilikuwa mfuko wa kulia. Aliitoa, akamwambia Adija, "Polepole, mama, kama yai." Adija amejibu, kesho zamu zetu. Sasa ni saa nne na nusu, nalala.