Kumuaga Mama Nyanchama, Aliyetufungulia Ngazi ya Nyuma

Mheshimiwa Afisa uliyetoka ubalozini ukaja kukaa nasi siku yako ya mapumziko. Mchungaji Jeremiah na Ustadh wetu wa Ijumaa, mliokubali kukaa meza moja na kugombania sahani moja ya sambusa. Baba Khalid, mwenye jengo letu, ahlan wa sahlan. Ndugu zetu wa Al Wakrah mliotuazima ukumbi huu, na wenzangu wa kazini mliotoka Lusail. Majirani zangu wa Al Mansoura, hapa Doha, kuanzia ghorofa ya chini hadi kule juu kwenye matangi ya maji. Na wewe Mama Nyanchama, uliyekataa kuketi mbele mpaka tukakusukuma kama gari lililozimika: hamjambo nyote, na salaam aleikum.

Mimi naitwa Mutai. Mchana mnaniona nimevaa sare mlangoni pa mnara fulani kule Lusail, na nyumbani ni makamu wa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Leo nimepewa kazi ya kumuaga mwenyekiti wangu, ambaye ameuguza wazee wa watu katika nchi mbili za kigeni na sasa anarudi Nyamira kulala kitandani kwake. Wengine mmenikuta hapo nje nikicheka, mkaniuliza, Mutai, mbona una raha hivyo siku ya kwaheri? Nina raha kwa sababu tunaagana, ndugu zangu. Kuna Ijumaa moja, mwaka jana wakati wa joto, ambapo tungeweza kutengana bila hata mmoja wetu kusema kwaheri.

Lakini nianze na Uingereza, maana yeye mwenyewe alianzia huko.

Kabla ya kuja Doha, Mama Nyanchama alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee katika kijiji cha Uingereza, kijiji chenye kanisa la mawe, nyumba chache na mashamba ya ngano. Bibi huyo, Margaret, alikuwa diwani wa kile wanachokiita baraza la parokia. Mama aliponisimulia mara ya kwanza, mimi Mkatoliki nilidhani ni baraza la padri na wanakwaya. Akanicheka. Akaniambia ni serikali ndogo kabisa ya kijiji, haina askari wala gari, na kazi yake ni mambo ambayo wakubwa hawana muda nayo: nyasi za makaburini, benchi la kituo cha basi, taa iliyoungua, njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba.

Basi Mama alikuwa akimsukuma Bibi Margaret kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbi wa kijiji, anakaa nyuma, anasikiliza. Na walikuwa wakijadili nini? Mtaro. Kikao baada ya kikao, mtaro wa kando ya barabara. Nani asafishe, nani ameujaza matawi, mkulima gani amekasirika, kwa nini barua haikujibiwa. Mama anasema alikuwa akisinzia. Siku moja wakiwa njiani kurudi akamuuliza, "Bibi, watu wazima mnagombania mtaro?" Yule bibi akamjibu, "Nyanchama, subiri mvua."

Mvua ikaja. Ikanyesha kwa namna ambayo kijiji cha jirani kilibeba makochi juu ya vichwa. Kwao maji yalishuka mtaroni, yakapiga kelele kuelekea mtoni, na nyumba za bondeni zikabaki kavu. Asubuhi hakuna aliyeandikwa gazetini, hakuna aliyeshukuriwa. Mama anasema alisimama dirishani akamtazama Bibi Margaret akinywa chai yake, akaelewa kwa nini mtu anaweza kuzeeka kwa amani.

Hayo ndiyo aliyokuja nayo kwetu. Na alipofika kwetu, majirani, alikuta nini? Semeni ukweli mbele ya Mheshimiwa. Alikuta ngazi ya nyuma haionekani! Magodoro, friji zilizokufa, meza zisizo na miguu, na juu ya yote mizigo ya kago ya ndugu yetu Herbert, ambaye anakusanya maboksi ya watu ya kupeleka Kampala. Chini kabisa mlango umefungwa kwa mnyororo kwa kuogopa wezi, na ufunguo anao natuur, mtunza jengo wetu, ambaye akienda sokoni anakwenda nao.

Mama akaita mkutano. Wangapi mlikuja? Tulikuja wachache, na kati yetu wengi tulifuata chai. Akasema tuwe na kamati, tusafishe ngazi, tuzungumze na mwenye nyumba kuhusu mlango. Mnakumbuka alivyojibiwa? Shiru, wewe uko hapa, na umenipa ruhusa niseme. Shiru alisimama akamwambia, "Mathe, na heshima zote, hapa si kwetu. Sisi tumekuja duti, kazi tu. Contract ikiisha, khalas, tunaenda."

Watu wakapiga makofi. Mama akangoja makofi yaishe, kisha akauliza kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa afungue mdomo: "Usiku unalala wapi, Shiru?"

"Hapa."

"Basi hapo unapolala ndipo kwenu mpaka asubuhi."

Kura zikapigwa, akashindwa. Tukarudi vyumbani. Nilidhani yameisha. Ijumaa iliyofuata nikasikia kitu kinaburuzwa huko nyuma, nikatoka, nikamkuta peke yake na godoro, amejifunga leso kichwani. Anagonga mlango mmoja baada ya mwingine: "Hiki ni chako, mwanangu? Si chako? Basi nisaidie kukishusha." Nani angekataa? Hakumgombeza mtu. Alikuwa na ile adabu inayokuchosha mpaka unabeba. Nikabeba. Jirani yangu Philipo akabeba. Baada ya wiki kadhaa hata Shiru alikuwa akishika upande wa pili wa friji huku akilalamika kucha zake.

Aliyebaki ni Herbert. Herbert, simama watu wakuone. Huyu bwana alisimama juu ya ngazi kama mlinzi wa mpaka. Akasema, "Maama, hii ni mizigo ya watu. Nikiiweka nje ikiibiwa, nitawaambia nini wenyewe?" Na alikuwa na haki, tusimwonee. Mama hakumwambia ondoa. Alikwenda kwa Baba Khalid, akaketi kwenye majlis yake, ile sebule ya wageni, akanywa kahawa, akasikiliza habari za watoto na wajukuu, halafu akaomba vitu viwili: kile chumba cha chini kilichokuwa kimejaa rangi za zamani kiwe stoo ya Herbert, na ule mnyororo uondoke, uwekwe mlango wa kusukuma unaofunguka kutoka ndani tu. Baba Khalid, ulimjibu neno moja, "Zein," yaani vyema. Na ukatimiza. Allah akuzidishie.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nifike Ijumaa yenyewe.

Ilikuwa mchana, joto la kuchoma nyayo kupitia viatu, na nusu ya jengo walikuwa wamelala kwa sababu ya duti za usiku. Kisanduku cha umeme pale mlango wa mbele kikalipuka. Kabla hujavaa kandambili, moshi mweusi ulikuwa umejaa ngazi kubwa na lifti imekufa. Nilifungua mlango wangu nikaufunga tena. Sikuona hata mkono wangu. Mimi ni mlinzi, nimefundishwa moto, na nawaambia sikujua pa kupita. Ndipo nikamsikia Mama huko kwenye korido: "Nyuma! Wote nyuma! Ngazi iko wazi!"

Tukashuka. Ndugu zangu, tulishuka! Scovia na mtoto mgongoni, akina Philipo na wazee wao waliokuja kutembea, Waganda, Wakenya, Wanepali wa ghorofa ya juu. Jirani yetu Wanjiru, si huyu Shiru, alikuwa ametoka hospitali baada ya upasuaji, hawezi kushuka ngazi. Nani alimbeba? Herbert. Alimweka mgongoni akashuka naye pale pale palipokuwa na maboksi yake. Walipofika chini aliusukuma mlango kwa bega, ukafunguka, jua likawapiga usoni, na Herbert akakaa chini kwenye lami ya moto akalia kama mtoto. Wanjiru ndiye aliyekuwa akimbembeleza.

Kwenye maegesho Mama akaanza kuita chumba baada ya chumba. Watu wanaitika. Akaita chumba cha Tony. Akaita tena. Mwenzake akasema Tony alitoka duti asubuhi akalala, na akilala anaziba masikio. Niligeuka kurudi ndani, na jamaa mmoja wa zimamoto, waliokuwa wameshafika, akanishika kifuani, "La, la, habibi." Wenzake wakaingia na mitungi yao mgongoni. Tulisimama pale tukiutazama ule moshi. Shiru aliushika mkono wangu mpaka ukauma. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na sikuwahi kumwona amezeeka hivyo.

Halafu nyuma yetu sauti ikasema, "Kwani kuna nini?"

Tony! Ametoka kafeteria ya mtaa wa pili, mkono mmoja chai ya karak, mkono mwingine chapati ya yai! Usingizi ulimkataa, njaa ikamtoa. Shiru alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, na ile chai ikatumwagikia sote. Hakuna aliyejali. Mama Nyanchama akakaa kwenye ukingo wa barabara akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na sisi tukacheka naye, jengo zima, tumesimama juani na masizi puani. Mkuu wa zimamoto alitoka, akauliza nani ameifungua ile ngazi. Tukamwonyesha. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akaondoka.

Mheshimiwa, kwetu hakuna aliyesafirishwa kwenye sanduku. Naomba jambo hilo ulipeleke ubalozini, kwa sababu ni habari ambayo kwa kawaida haina wa kuiandika.

Na sasa anaondoka, mkaanza kuniuliza, itakuwaje? Nilijiuliza pia. Wiki iliyopita kamati, ile tuliyokuja kuiunda baada ya moto, ilikutana, nami nikaongoza kwa mara ya kwanza. Hoja ilikuwa kamba za kuanikia nguo juu ya paa. Ndugu zangu, tuligombana! Herbert alipiga meza. Scovia alisema shuka zake hazitaanikwa karibu na sigara za mtu. Shiru, yule yule wa hapa si kwetu, alitaka upande wa magharibi upakwe rangi upya, na hakukubali kushuka kwenye hoja yake. Katikati ya makelele nikaangalia kule nyuma, kiti cha Mama kitupu. Nikahofia tumemuudhi. Nikamfuata, nikamkuta jikoni kwake anakatakata sukuma wiki, anaimba pole pole kwa Kikisii.

"Mama, mbona umetoka? Tumekukosea?"

Akanitazama, akafuta mikono. "Mutai, nimewasikia mnagombania kamba za nguo. Rudi kwa watu wako. Mimi sasa naweza kwenda nyumbani."

Nenda salama, Mama. Nanyi mlioniazima masikio yenu wakati pilau inanukia hapo nyuma, nawashukuru mno. Karibuni chakula.