Mipini Mia Nne ya Mchungwa

Nani kati yenu alimcheka baba yangu? Msiangalie chini, tuko wengi, hata mimi nimo, na mchungaji amenipa dakika kumi na tano tu, kwa hiyo sina muda wa kuwatafuta mmoja mmoja. Naitwa Elinuru, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya Mzee Nathanaeli Shembilu, fundi mipini, ambaye tumekuja kumzika leo Jumamosi, tarehe 13 Juni 1998, hapa Kwemkole, juu ya Soni.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1938 hapahapa Kwemkole, mtoto wa kwanza wa Mzee Yoeli Shembilu na Mama Rahabu, akafuatiwa na shangazi yetu Dorkasi, ambaye mnamwona pale mbele, na baba yetu mdogo Rubeni, ambaye amepanda jana kutoka Muheza na ameketi kwenye benchi la mwisho kabisa, ingawa tumemwita mara tatu aje akae na wafiwa wenzake.

Alianza shule mwaka 1947 na kuishia darasa la nne, na hapa historia nyingi husema kwamba marehemu alikatisha masomo kutokana na hali ya familia, lakini hali ya familia ilikuwa nzuri tu, marehemu alifukuzwa kwa sababu aling'oa mguu wa kiti cha mwalimu ili aone umeungwaje, na mwalimu akakaa.

Mwaka 1956 aliajiriwa kwenye karakana ya shamba moja la chai upande wa Mponde, mahali palipokuwa na watu wa kila kabila na kila dini, akawekwa chini ya Fundi Salimu, Mnyamwezi aliyekuja kuchuma chai akaishia kuchonga vipini vya visu vya kupogolea. Huyo ndiye aliyemfundisha kwamba mti wa mpini haupimwi kwa mkono, kwa sababu kiganja cha fundi ni sugu na hakisikii kitu, unapimwa kwa shavu: unaukata, unaweka ule upande uliokatwa shavuni, ukiusikia wa baridi ujue ndani bado kuna maji, urudishe darini juu ya meko ukae na moshi mwaka mwingine. Sisi watoto tulikua tukimwona baba amesimama uani, ameegemeza shavu kwenye kipande cha mti kama mtu anayesikiliza redio, na mgeni akiuliza mzee ana nini, mama alikuwa akijibu, "Anaongea na wake wenzangu."

Mama huyo ni Yudith, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Oktoba 1963, wakajaliwa watoto watatu, Mikaeli, mimi na Shukrani, na wajukuu saba.

Tarehe 30 Juni 1986 karakana ilipunguza watu, na baba akarudi nyumbani na barua ya shukrani, patasi zake nne, na baiskeli. Barua aliiweka kwenye Biblia, baiskeli akaikata. Mama alilia kuliko alivyolia kwa ile kazi, akasema, "Baba Mikaeli, hiyo ndiyo ilikuwa inatupeleka zahanati," naye akamjibu, "Sasa itatulisha, hatutaumwa," kisha akafunga gurudumu na pedeli zake chini ya banda la mbuzi, vikawa kerezo la kukanyaga kwa mguu, mti unazunguka, patasi inachonga, na mbuzi wakahamishiwa jikoni. Hivyo ndivyo ilivyoanza karakana ya nyumbani, mipini ya patasi, ya tupa, ya bisibisi, ya nyundo ndogo, ya mundu, na wakati ule vifaa vilikuwa adimu kiasi kwamba mtu alikuwa akitunza kichwa cha nyundo kisicho na mpini kama anavyotunza shahada.

Halafu milango ikafunguliwa. Mnaikumbuka miaka ile, maduka ya Lushoto yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa ghafla patasi mpya, tupa mpya, mipini ya rangi nyekundu na njano inayong'aa mpaka unataka kuilamba, na mwenye duka Bwana Bakari, ambaye namshukuru amefika, alisimama mlangoni pake siku ya gulio la mwaka 1989, akamwita baba mbele ya watu: "Mgosi! Kafuge kuku, mambo ya kuchonga yameisha, wenzako wanatoa mipini kwa mashine!" Watu wakacheka, nami nikiwa likizo kutoka Chuo Kikuu nikacheka nao kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesoma semista mbili za uchumi na nilijua kila kitu. Nilimweleza baba kwamba fundi mdogo hawezi kushindana na soko. Akaniuliza, "Huyo Soko anakausha miti yake muda gani?"

Hakuwa anakausha. Kufika masika ya mwaka uliofuata ile mipini myekundu ilikuwa imepasuka Lushoto nzima, nyundo zinaruka vichwa, mafundi wanafunga patasi kwa mpira wa baiskeli, na foleni ikaanzia bandani kwa baba ikashuka mpaka barabarani. Bwana Bakari naye alikuja, amebeba katoni la tupa zisizo na mipini, akabisha hodi kwa unyenyekevu mkubwa, na baba akamkaribisha kiti, akamwambia, "Karibu, mgosi, kuku hawajataga." Kila bidhaa iliyoingia nchini, ndugu zangu, ilimletea baba yangu kazi. Mipini yake yenye alama yake ya michirizi mitatu ya kuungua ilifika Korogwe, ikafika Tanga, ikafika Same, ikanisomesha mimi, ikamsomesha Shukrani, ikaezeka nyumba hii bati, na yule aliyefukuzwa darasa la nne akawa anaandikiwa barua na walimu wa ufundi, "Mheshimiwa Fundi."

Nafika mwaka 1992, na naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mnaijua habari hii kwa namna moja tu. Chuo kimoja cha ufundi, sitakitaja, kiliagiza mipini mia nne ya patasi na tupa, na baba mdogo Rubeni, aliyekuwa akiwauzia mafundi miti ya michungwa mizee inayokatwa Muheza, akaleta mzigo mzima. Mipini ilipelekwa mwezi wa nne, ikapendeza kuliko yote aliyowahi kuchonga. Mwezi wa saba, baridi na ukavu vilipoingia, ikaanza kulegea, maana mti mbichi ukikauka hunywea na chuma huachwa peke yake, na siku moja mpini wa tupa ulichomoka mkononi mwa Mwalimu Salvatory, yule pale mwenye koti la kijivu, na ule ulimi wa chuma unaokaa ndani ya mpini ukamwingia kiganjani ukatokea upande wa pili.

Baba aliitwa mbele ya kamati ya chuo, akaulizwa, na jibu lake mnalijua wote, kwamba miti aliletewa na mdogo wake, na mdogo wake alimwapia kuwa ilikatwa miaka miwili nyuma. Kisha akaichonga upya mipini yote mia nne, bila malipo, mwaka mzima, na kanisani akasifiwa kama mtu aliyebeba kosa la ndugu yake. Sifa zake zote za baadaye zimeota hapo. Naye Rubeni mkamwita Rubeni Mbichi. Hakuna fundi wa Soni wala Bumbuli aliyenunua tena mti kwake, watoto walimwimbia jina hilo stendi, na alipopanda hapa kumuuliza kaka yake, "Kaka, mimi nilikwambia hivyo?" baba aliendelea kukanyaga kerezo. Baba mdogo akashuka, na hakupanda tena mpaka jana.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka 1995, vumbi la mbao la miaka arobaini, na hali ikawa mbaya wakati wa mvua za Elinino, mwishoni mwa mwaka jana. Alilazwa tarehe 19 Mei mwaka huu, akafariki Alhamisi tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na akili zake zote na akimlalamikia muuguzi kwamba mpini wa kikaangio cha wodini umefungwa vibaya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, majirani waliombeba kwa machela pale barabara ilipomezwa na udongo, tena kwa zamu, tena wakigombana nani abebe mbele, mafundi wenzake waliofunga kazi siku tatu, usharika na kwaya, pamoja na Bwana Bakari aliyeleta sukari bila kuombwa. Pumzika sasa, baba, umechoka kwa haki, na hakuna mtu hapa aliyewahi kukanyaga pedeli nyingi kama wewe bila kufika popote, halafu akafika mbali hivyo.

Sijamaliza, mchungaji. Imebaki karatasi moja, ambayo marehemu aliniamuru niisome baada ya shukrani, kwa sababu kabla ya hapo, alisema, watu huwa bado wanapangana kwenye mabenchi. Aliitoa kwa mdomo wake Jumanne tarehe 9, nami nikaandika. Baba mdogo alikuwa ameitwa, lakini basi lilikwama Mombo, na baba alipoona siku zinamwishia akasema, basi isomwe mbele ya wale wale walionisikia nikisema uongo. Kusema kweli, tangu jana wanaukoo wamekuwa wakinisihi niichane. Shangazi Dorkasi ameniambia asubuhi hii, "Mwanangu, marehemu hasemwi vibaya," nami nikamjibu, shangazi, simsemi, anajisema mwenyewe. Mama alikuwa anamenya viazi, akasema, "Msomee Rubeni," akaendelea kumenya.

Baba mdogo, naomba usimame, ili watu wakuone ninaposoma. Shikamoo. Maneno ni haya, sijayanyoosha:

"Rubeni, mdogo wangu. Siku ulipoleta ile michungwa uliniambia imekatwa mwezi wa kumi na moja, ukasema kaka, iache mpaka mwakani, usiiguse. Ulisema mara mbili, ukiwa umesimama kwenye mlango wa banda, Mama Mikaeli alikuwa anakupa chai. Ulipoondoka nikakata kipande, nikakiweka shavuni. Kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Nikachukua kingine, nacho hivyohivyo. Chuo kilikuwa kinataka mipini kabla ya Pasaka, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuitwa Mheshimiwa Fundi, nikaona aibu kuwaandikia kwamba sina miti mikavu ya kutosha. Nikawasha moto mkubwa, nikaikausha wiki mbili, nikajidanganya. Mwalimu Salvatory alipochomwa, niliogopa. Nilitafuta jina la kusema, na jina lililokuwa karibu lilikuwa lako. Wewe hukuniapia chochote. Miti ilikuwa mibichi, na mimi nilijua."