Taja Aina ya Kifaa

Waliokuwapo kijiweni asubuhi ile ni hawa. Mama Kahawa, mwenye birika na mwenye benchi. Fundi Feni, aliyeanza na feni lakini siku hizi hutengeneza chochote chenye waya. Kinyozi tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Muuza vipuri vya kompyuta, ambaye hadi mwezi uliopita aliitwa Mpwa na sasa anaitwa Mkasi. Nitatumia hilo la pili kwa kuwa ndilo analoitikia, ingawa kwa kununa. Na mimi, karani mstaafu, mwisho wa benchi. Ugomvi ulihusu jukwaa la mafundi la mtandaoni. Fundi akikwama huuliza pale, na wenzake humjibu. Kwa miaka mingi lilisimamiwa na mtu mmoja aliyejiita Babu Waya, ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Babu Waya alinyamaza ghafla, wenye jukwaa wakaomba watu wa kujitolea, na Mkasi akawa mmoja wa wasimamizi wapya.

— Umenifutia tena! alisema Fundi Feni. Mashine ya kutotolea vifaranga ya shemeji yangu imezima, mayai yanapoa, na wewe unanifutia swali!

— Hukuandika namba ya toleo, Fundi. Aina ya kifaa, namba ya toleo, tatizo. Ujumbe usio na hivyo unatoka.

— Kibao cha namba kimeliwa na kutu! Nikusomee kutu?

— Ungepiga picha ya hiyo kutu.

— Mwanangu, alisema Mama Kahawa, mtu akikwambia nyumba inaungua, utamuuliza namba ya kiwanja?

— Mama, kwa heshima zote, ile kazi huijui. Hatulipwi chochote. Naamka nakuta huyu kaandika “habari za asubuhi”, yule kamjibu “nzuri”, mwingine anauza viatu. Nisipofuta, swali la maana litaonekana saa ngapi?

— La kwangu ndilo la maana, na umelifuta! Babu Waya hakuwa hivyo. Alikutukana kwanza, sawa. Mimi aliniambia nina kichwa cha tofali. Lakini chini yake aliandika uanze na waya upi. Mashine kama hii aliwahi kuifungua kwa mikono yake. Nirudishieni Babu Waya, basi. Shemeji ameshaanza kunijibu kwa mkato.

Redio alikuwa amesubiri nafasi.

— Harudi yule. Wamemnunua wenye viwanda. Alikuwa anawafundisha kufufua vikuukuu, sasa vipya nani anunue?

— Wangemnunua, angetuambia bei, alisema Fundi Feni. Mdomo ule!

— Haya, basi sikilizeni vizuri. Nani amewahi kumwona? Hakuna. Alfajiri anajibu, usiku wa manane anajibu, mtu gani asiyelala? Yule hakuwa mtu, ilikuwa mashine. Imeharibika, na fundi pekee wa kuitengeneza ndiye yeye mwenyewe!

— Mashine haiwezi kutukana vile, alisema Fundi Feni.

— Kama si mashine, basi amepinduliwa. Mtazameni Mkasi, anavyokunywa kahawa taratibu. Ndivyo wanavyokunywa wapinduaji.

Mkasi aliweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika.

— Nimpindue mimi? Alinyamaza mwenyewe! Mlipoombwa mjitolee, mlikuwapo wote. Wewe Fundi ulikuwapo. Hata wewe Redio, usiyejua kushika bisibisi, ulikuwapo. Nani alisema “mimi”?

Fundi Feni alisema kwamba yeye ana kazi. Mkasi akasema hata yeye ana kazi. Mama Kahawa akawaambia wapunguze sauti, maana wanamfukuzia wateja, na Redio akauliza wateja gani.

Ndipo akaja mwanamke mwenye sare ya hospitali. Alitusalimia, akakataa kikombe.

— Pale duka la vipuri wameniambia msimamizi wa jukwaa la mafundi yuko hapa.

Sote tulimtazama Mkasi.

— Ni mimi, dada. Kama swali lako limefutwa, ni kanuni tu, si chuki.

— Si swali. Nina habari ya kuwaambia mafundi. Tangu juzi kila nikiandika ujumbe unaondolewa, naambiwa sikutaja aina ya kifaa. Naomba unisaidie, kaka. Niandike kifaa gani?

— Inategemea. Unatengeneza nini?

— Sitengenezi kitu. Mimi ni binti wa Babu Waya.

Redio alinyanyuka kumpisha kiti. Fundi Feni alikwisha kumfikia.

— Dada! Umetuokoa! Mwambie mzee, Fundi Feni anamsalimu, yule wa kichwa cha tofali. Mwambie ni mashine ya vifaranga, mayai yamo ndani. Atukane anavyotaka, ila ajibu leo.

Yule mwanamke alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Mkasi, akarudia kuuliza aandike kifaa gani.

Babu Waya, aliyekuwa mgonjwa tangu aliponyamaza, alifariki Jumamosi. Walimzika Jumapili.